Mafumbo ya Hisabati katika Mitihani ya Udahili: SAT, GRE na GMAT

Fumbo la hisabati ni swali linaloulizwa kwa maneno. Kuna habari fupi, kuna idadi zilizotajwa, kuna uhusiano kati ya idadi hizo, na mwishoni kuna jambo moja linalotakiwa. Mtahiniwa hapewi mlinganyo, anautunga mwenyewe. Katika mitihani ya udahili ya Marekani, yaani SAT kwa wanaoomba shahada ya kwanza, GRE kwa wanaoomba shahada za juu na GMAT kwa wanaoomba shule za biashara, maswali ya namna hii huwaangusha hata watu waliofaulu hisabati tangu darasa la kwanza. Hesabu zenyewe si ngumu. Asilimia, uwiano, wastani, milinganyo ya herufi moja au mbili: mwanafunzi wa sekondari ameshazipitia karibu zote. Alama hupotea mapema zaidi, kabla ya kukokotoa, pale mtu anapotoka kwenye sentensi kwenda kwenye mlinganyo. Kwa hiyo fumbo ni zoezi la kusoma kwanza, na la hesabu baadaye.

Aina hii ya maswali ni kongwe kuliko mtihani wowote. Mafunjo ya Rhind, yaliyonakiliwa Misri na mwandishi aitwaye Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo na sasa yamehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, yana mafumbo ya kugawa mikate, kupima nafaka na kukadiria ukubwa wa mashamba. Mojawapo linaorodhesha nyumba 7, paka 49, panya 343, masuke 2,401 na vipimo vya nafaka 16,807, kisha linatoa jumla: 19,607. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mafumbo ya mirathi: mtu amefariki, ameacha mke, watoto na wasia, kila mmoja apate kiasi gani? Wanaosoma faraidhi katika madrasa za pwani yetu bado wanafumbua maswali ya ukoo huohuo.

SAT ya kwanza ilifanywa Juni 1926. Ilikuwa na maswali 315 ya kujibiwa kwa dakika 97, na sehemu mojawapo ilikuwa ya mafumbo ya hesabu. Mtihani umebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini mafumbo hayajaondolewa. Leo SAT inafanywa kwa kompyuta. Sehemu ya hisabati ina maswali 44 kwa dakika 70, na takriban asilimia 30 ya maswali hayo huja kwa sura ya habari. GRE, tangu ilipofupishwa Septemba 2023, ina maswali 27 ya hisabati kwa dakika 47. GMAT ina 21 kwa dakika 45. Ukigawa, unapata kama sekunde 95 kwa swali la SAT, sekunde 104 kwa la GRE, na dakika mbili na ushei kwa la GMAT. SAT na GRE zinaruhusu kikokotoo kilichomo ndani ya programu ya mtihani; sehemu ya hisabati ya GMAT hairuhusu kabisa. Tofauti hiyo inatisha watu wengi bila sababu. Kikokotoo hakijawahi kumtungia mtu mlinganyo, na fumbo la GMAT linalodai kuzidisha namba kubwa mno kwa kawaida ni fumbo ambalo mtahiniwa amelisoma vibaya.

Mahali hesabu inapopotea

Kosa la kwanza ni kukamata namba na kuacha maana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa shule ya msingi swali hili: katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto wengi walijibu 36. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa kwamba swali la hesabu lina jibu daima, na kwamba jibu linapatikana kwa kuzifanyia kitu namba zilizotajwa. Mtahiniwa mtu mzima hatajumlisha mbuzi na kondoo kupata umri wa mtu, ila akiwa na haraka atajumlisha mwendo wa kwenda na mwendo wa kurudi kisha agawe kwa mbili, jambo lenye asili ileile.

Kosa la pili ni kukokotoa sawasawa na kusahau kurudi kwenye habari. Katika tathmini ya taifa ya Marekani iliyofanywa miaka ya mwanzo ya 1980, vijana wa miaka 13 waliulizwa: basi moja la jeshi linabeba askari 36, askari 1,128 wanahitaji mabasi mangapi? Wengi, kiasi cha asilimia 70, waligawanya bila kosa na kupata 31 na baki 12. Walioandika 32, ambalo ndilo jibu, walikuwa asilimia 23 tu. Asilimia 29 waliandika kwamba yanahitajika mabasi 31 na baki 12. Hakuna basi liitwalo baki, na askari 12 hawawezi kuachwa barabarani. Hesabu ilikwisha vizuri, lakini habari ilikuwa imeshasahaulika.

Kosa la tatu ndilo la hila zaidi, kwa kuwa linawapata hata wataalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, John Clement na wenzake waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi sentensi moja: katika chuo hiki wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Waandike mlinganyo, wakitumia S kwa idadi ya wanafunzi na P kwa idadi ya maprofesa. Asilimia 37 walikosea, na wengi wao waliandika 6S = P. Waliifuata sentensi neno kwa neno: sita, wanafunzi, maprofesa. Tena waliichukulia S kama jina la mwanafunzi badala ya idadi ya wanafunzi. Mlinganyo sahihi ni S = 6P.

Dawa ya kosa hili ni rahisi na haichukui sekunde kumi. Weka namba. Kama maprofesa ni 10, wanafunzi ni 60. Sasa jaribu mlinganyo ulioandika: 6 mara 60 ni 360, na 360 si sawa na 10. Mlinganyo umekataa. Ningependa kila mtahiniwa awe na mazoea haya kabla ya kujifunza njia ya mkato yoyote, kwa sababu yanagundua kosa lililo gumu kuonekana kwa macho.

Kutoka sentensi hadi mlinganyo

George Pólya, mwanahisabati aliyezaliwa Hungaria na kufundisha Stanford, alichapisha mwaka 1945 kitabu kinachogawa ufumbuzi katika hatua nne: kulielewa swali, kupanga njia, kuitekeleza, na kulitazama upya jibu. Vitabu vya maandalizi ya mitihani vimezirudia hatua hizo kwa majina tofautitofauti. Tabu ni kwamba mtu aliye mbele ya saa inayokimbia huruka ya kwanza na ya nne, akabaki na mbili za katikati. Hebu tulifuate fumbo moja pole pole.

Mwanamke alinunua matunda 20, maembe na machungwa. Embe moja ni shilingi 500, chungwa moja shilingi 300. Alilipa shilingi 7,600 kwa jumla. Machungwa yalizidi maembe kwa mangapi? Machaguo ni 4, 6, 8, 12 na 16.

Anza mwishoni. Kinachoulizwa ni tofauti kati ya aina mbili za matunda, basi kiandike pembeni: machungwa kutoa maembe. Kisha taja herufi kwa ukamilifu. Usiandike kwamba m ni maembe. Andika kwamba m ni idadi ya maembe. Kwa kuwa matunda yote ni 20, machungwa ni 20 kutoa m, na huhitaji herufi ya pili. Fedha zinatoa mlinganyo: 500m + 300(20 − m) = 7,600. Ukiufungua, 200m = 1,600, na m ni 8. Hapa ndipo mtu aliyechoka anapoona 8 kwenye machaguo, anabonyeza na kuendelea. Lakini 8 ni maembe. Machungwa ni 12, nayo 12 ipo pia kwenye machaguo. Jibu la swali lililoulizwa ni 4.

Watunzi wa mitihani hii hawaweki machaguo kwa kubahatisha. Kila jibu potofu limewekewa mtu fulani: aliyeishia katikati, aliyegeuza uhusiano, aliyesahau kubadili dakika kuwa saa. Kwa hiyo kuliona jibu lako miongoni mwa machaguo si ushahidi kwamba umepata. Ushahidi ni kulirudisha kwenye habari: maembe 8 ni shilingi 4,000, machungwa 12 ni 3,600, jumla 7,600, na 12 kutoa 8 ni 4.

Yapo maneno yanayobeba hesabu nzima, na yanastahili kusomwa kwa kidole. Angalau 5 maana yake 5 imo. Zaidi ya 5, haimo. Isiyozidi 5, imo. Sentensi inayosema kwamba namba fulani ni pungufu ya x kwa 5 huandikwa x − 5, ingawa Kiingereza cha mtihani huitanguliza 5 na kumvuta mtu aandike 5 − x. Na uwezekano wa kupata angalau kichwa kimoja ukirusha sarafu tatu haupatikani haraka kwa kuhesabu kichwa kimoja, viwili na vitatu. Tafuta uwezekano wa kukosa kabisa, ambao ni 1/8, uutoe kwenye 1, ubaki na 7/8.

Mwendo, kazi na asilimia

Mafumbo yanayorudi mara kwa mara yana familia chache, na familia iliyo tajiri kuliko zote ni ya kasi: mwendo wa gari, utendaji wa fundi, maji yanayojaza tangi. Zote zina msingi mmoja. Kiasi kilichofanyika ni kasi mara muda. Ukilishika hilo, huna haja ya kukariri kanuni tatu tofauti.

Basi linakwenda mji wa jirani kwa kilomita 60 kwa saa, linarudi kwa njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendo wa safari nzima ni upi? Jibu la 50 huja lenyewe mdomoni, nalo si sahihi. Wastani wa mwendo ni umbali wote kugawa muda wote. Umbali haukutajwa, basi chagua unaogawanyika vizuri, kwa mfano kilomita 120. Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni kilomita 48 kwa saa. Wastani umeshuka chini ya 50 kwa sababu basi lilitumia muda mrefu zaidi katika mwendo wa pole pole. Anayelifahamu hilo anaweza kuondoa machaguo yote ya 50 na kuendelea kabla hajakokotoa chochote.

Kazi ya pamoja inafuata njia hiyohiyo. Fundi mmoja anapaka nyumba rangi kwa saa 6, mwenzake kwa saa 3. Wakishirikiana watatumia muda gani? Saa hazijumlishwi, kinachojumlishwa ni sehemu ya kazi kwa kila saa: 1/6 na 1/3 ni 1/2. Nusu ya nyumba kwa saa, basi nyumba nzima kwa saa 2. Mtu aliyechukua wastani wa 6 na 3 akapata 4.5 alikuwa na nafasi ya kujikosoa: fundi wa pili peke yake angemaliza kwa saa 3, msaada hauwezi kumchelewesha. Hukumu ya namna hii haihitaji hisabati yoyote. Inahitaji mtu akumbuke kwamba kuna mafundi wawili na nyumba moja.

Asilimia inanyoosha kidole kwenye swali moja tu: asilimia ya nini? Bidhaa ikipandishwa bei kwa asilimia 20 kisha ikapunguzwa kwa asilimia 20, hairudi ilipokuwa. Shilingi 100 inakuwa 120, na asilimia 20 ya 120 ni 24, inabaki 96. Vilevile, shati lililouzwa shilingi 60,000 baada ya punguzo la asilimia 20 halikuwa shilingi 72,000. 60,000 ni asilimia 80 ya bei ya awali, na bei hiyo ilikuwa 75,000. Kama mshahara wa mtu umezidi wa mwenzake kwa asilimia 25, wa mwenzake umepungua kwa asilimia 20, si 25. Katika kila sentensi ya asilimia, tafuta kwanza kile kinachohesabiwa kuwa mia. Nusu ya makosa ya familia hii yanaishia hapo.

Michanganyiko ni asilimia iliyovaa nguo nyingine. Lita 20 za juisi zina sukari asilimia 10. Maji kiasi gani yaongezwe ili sukari iwe asilimia 8? Shika kisichobadilika. Sukari ni lita 2 kabla na baada. Lita 2 zikiwa asilimia 8, juisi yote ni lita 25, na maji yaliyoongezwa ni lita 5. Chaguo la 25 litakuwepo bila shaka. Mafumbo ya umri yanahitaji jambo moja: miaka ikipita, inapita kwa wote. Ya makundi yanayoingiliana, kama wanaosoma Kifaransa, Kiarabu au vyote viwili, yanafumbuka kwa jedwali dogo, mradi walio katika makundi yote mawili wasihesabiwe mara mbili.

Je, habari inatosha?

GMAT ina aina ya swali inayostahili kukaliwa, kwa kuwa inapima usomaji mtupu. Mtahiniwa haulizwi jibu. Anaulizwa kama taarifa alizopewa zinatosha kulipata. Anapewa swali na taarifa mbili, naye anachagua: ya kwanza peke yake inatosha, ya pili peke yake inatosha, zinatosha zikiunganishwa tu, kila moja inatosha peke yake, au hazitoshi hata zikiunganishwa. Tangu toleo jipya lililoanza Novemba 2023, maswali haya yamehamishiwa katika sehemu ya uchambuzi wa data.

Tuseme swali ni hili: mwanafunzi alinunua kalamu za shilingi 700 na madaftari ya shilingi 1,100, alinunua madaftari mangapi? Taarifa ya kwanza: alitumia jumla ya shilingi 9,400. Taarifa ya pili: vitu vyote vilikuwa 10.

Aliyezoea darasani atajibu upesi: vitu viwili visivyojulikana, milinganyo miwili, basi zinahitajika zote mbili. Amekosea. Taarifa ya kwanza inasema 700k + 1,100d = 9,400, yaani 7k + 11d = 94. Kwa herufi tupu, mlinganyo huo una majibu yasiyo na idadi. Lakini hizi ni kalamu na madaftari, na dukani hakuna anayekuuzia theluthi ya daftari. Lazima k na d ziwe namba kamili zisizo hasi. Jaribu d kuanzia 0 hadi 8: 94, 83, 72, 61, 50, 39, 28, 17, 6. Katika hizo, inayogawanyika kwa 7 ni 28 peke yake, pale d inapokuwa 6 na k ikawa 4. Jibu ni moja tu, basi taarifa ya kwanza inatosha yenyewe. Taarifa ya pili peke yake haitoshi, kwa kuwa vitu 10 vinaweza kugawanyika kwa namna nyingi. Chaguo sahihi ni la kwanza.

Masharti ya kwamba namba ziwe kamili hayakuandikwa popote katika swali. Yamo ndani ya vitu vyenyewe. Msomaji anayetupa kalamu na madaftari mara tu anapopata herufi zake ameitupa na habari aliyoihitaji. Ndiyo maana siafikiani na ushauri unaotolewa mara nyingi, kwamba mtahiniwa afute maneno yote abaki na namba. Afute mapambo, vitu avibakize.

Kosa lingine la aina hii ni kuibeba taarifa ya kwanza hadi kwenye ya pili bila kujua. Baada ya kuipima ya kwanza, ifunike kwa kiganja ikiwezekana, uisome ya pili kana kwamba ndiyo kwanza umefungua swali.

Njia za kuingilia mlango wa nyuma

Mtihani wa kuchagua majibu unaruhusu jambo ambalo darasa halikuruhusu: kuanza na majibu. Machaguo ya namba kwa kawaida hupangwa kutoka dogo hadi kubwa. Jaribu la katikati. Kama limezidi, umeondoa matatu kwa pigo moja. Katika fumbo la matunda, kujaribu tofauti ya 8 kunatoa machungwa 14 na maembe 6, jumla shilingi 7,200. Fedha hazijafika, maembe yaongezwe, tofauti ipungue. Chaguo la 4 au la 6 ndilo limebaki, na kwa kuwa 6 ingedai matunda 13 na 7, yaani shilingi 7,400, jibu ni 4.

Pale ambapo machaguo yana herufi badala ya namba, chagua namba zako mwenyewe, fumbua fumbo, kisha uweke namba hizo katika kila chaguo. Epuka 0 na 1, kwa kuwa zinafanya machaguo tofauti yatoe jibu moja. Katika asilimia, anza na 100. Katika sehemu, anza na namba inayogawanyika kwa vigawanyo vyote vilivyotajwa. Sioni aibu yoyote katika njia hizi. Zinamlazimisha mtu aishi ndani ya habari, na mara nyingi zinamwonyesha uhusiano ambao herufi zilikuwa zimeuficha.

Lugha ya mtihani na lugha ya mtahiniwa

Mwaka 2001 Jamal Abedi na Carol Lord walichapisha utafiti wa wanafunzi wa darasa la nane huko Marekani. Walichukua maswali ya hisabati, wakarahisisha lugha yake bila kugusa hesabu: sentensi fupi, maneno ya kawaida, vitenzi vya moja kwa moja. Wanafunzi dhaifu na wanaojifunza Kiingereza walipata nafuu iliyopimika, ingawa ilikuwa ndogo. Hesabu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza kugawa, sehemu na asilimia kwa Kiswahili, kisha akahamia Kiingereza kidato cha kwanza. Anayetoka Lubumbashi, Goma au Bujumbura amesoma hisabati kwa Kifaransa, na ana mtego wake wa pekee: katika maandishi ya Kifaransa mkato hutenga desimali, katika mtihani wa Marekani hutenga maelfu. 1,500 ni moja na nusu kwa mmoja, elfu moja na mia tano kwa mwingine. Mazoea hayo yavunjwe mapema, kwa kuandika namba kwa mtindo wa mtihani kila siku ya mazoezi.

Kwa upande mwingine, msemaji wa Kiswahili ana kitu cha kumsaidia. Fumbo linasema treni iliondoka saa 8:00 kabla ya adhuhuri ikafika 1:15 baada ya adhuhuri. Kwa saa ya Kimarekani inabidi uongeze 12 kabla ya kutoa. Kwa saa yetu, iliondoka saa mbili ikafika saa saba na robo: saa tano na robo, basi. Tahadhari ni jioni, maana saa yetu inaanza upya jua linapozama. Kutoka saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku ndipo sisi tunapoongeza 12.

Mtahiniwa anayejiandaa asihesabu maswali aliyokosa tu. Aandike kando ya kila moja alikosea wapi: kusoma, kutunga mlinganyo, kukokotoa, au kujibu swali ambalo halikuulizwa. Orodha hiyo ikikua itamwonyesha safu iliyojaa. Kama safu ya kukokotoa ina maswali machache na ya kusoma ina mengi, kurudia kanuni za hisabati usiku kucha hakutamsaidia sana. Afadhali achukue mafumbo kumi asiyafumbue, bali kwa kila moja aandike kinachoulizwa, herufi zake na mlinganyo, kisha afunge daftari.

Fumbo lenyewe linapokosea

Watunzi nao ni wasomaji, na wamewahi kusoma vibaya. Oktoba 1980, katika PSAT, mtihani wa matayarisho ya SAT, watahiniwa waliulizwa kuhusu piramidi mbili: moja yenye kitako cha mraba, nyingine yenye nyuso nne za pembetatu, pande zote za pembetatu zikiwa sawa. Zikigandishwa uso kwa uso, umbo jipya lina nyuso ngapi? Jibu lililotarajiwa lilikuwa 7: tano na nne ni tisa, toa mbili zilizofichwa. Kijana wa miaka 17 wa Florida alijibu 5 na akahesabiwa kosa. Baada ya kutengeneza maumbo yenyewe ilionekana kwamba nyuso mbili za piramidi moja hulingana sawasawa na mbili za nyingine, kila jozi ikawa uso mmoja bapa. Jibu lake lilikuwa sahihi, na alama za wengi zilirekebishwa.

Mei 1982 likaja jingine katika SAT. Duara dogo, lenye nusu kipenyo ambayo ni theluthi ya ile ya duara kubwa, linabingirika kulizunguka duara kubwa hadi liliporudi lilipoanzia. Limezunguka mara ngapi? Mzingo wa duara kubwa ni mara tatu ya ule wa dogo, kwa hiyo watunzi waliona jibu ni 3. Lakini kitovu cha duara dogo hakitembei juu ya mzingo wa duara kubwa. Kinatembea kwenye duara la nje zaidi, lenye nusu kipenyo mara nne ya ile ya dogo. Duara dogo huzunguka mara 4. Unaweza kulithibitisha kwa sarafu mbili zinazolingana: ibingirishe moja kuizunguka nyingine, utaona picha iliyo juu yake imegeuka mara mbili, wala si mara moja. Jibu la 4 halikuwemo kabisa katika machaguo matano. Watahiniwa watatu, kati ya laki kadhaa waliofanya mtihani huo, waliandika barua kueleza kosa. Swali likafutwa na alama zikahesabiwa upya.

Anayekutana na swali la namna hiyo ndani ya chumba cha mtihani hana nafasi ya kubishana nalo. Achague jibu lililo karibu zaidi na alilokusudia mtunzi, asiache wazi, kwa kuwa SAT na GRE hazikati alama kwa jibu lisilo sahihi na GMAT huadhibu maswali yaliyoachwa. Mtihani ukiisha aripoti, akitaja swali hilo lilihusu nini na kwa nini anaona lina kasoro.